Re: Je, ni kweli Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo?

Omera, ni kweli kabisa. Yule mchekeshaji wa Vitimbi, kipindi cha runinga ya Kenya, jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Ila ukiwaambia hivyo wazee Wajaluo wa hapa Kondele, Kisumu, watakuangalia kama umewatukana.

Mimi mwenyewe nilibisha. Tulikuwa tukitazama Vitimbi kwa jirani, watoto kumi na kitu sakafuni, runinga ya betri ya gari, na mmoja wetu nje akizungusha ariali huku akipiga kelele, "Imeshika? Imeshika?" Marehemu baba alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi, kisha anasema huyu ni mtu wa huku huku kwetu.

Na ukisikiliza vizuri, utaona kwa nini alitudanganya. Kijaluo hakina sauti ya "sh" wala "z", kwa hiyo "shida" inakuwa "sida" na "mzee" inakuwa "msee". Waigizaji wengi hubadilisha herufi tu, wakabaki wanatukejeli. Yeye alichukua na ule mvuto wa sentensi, ile sauti inayopanda mwishoni kama mtu anayedai chenji yake kwa makanga. Hatukuona tunachekwa, tulijiona.

Hata Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo, jina lake Mary Khavere, ni Mluhya. Nyumba moja, watu wawili, na hakuna Mjaluo ndani!

Alipofariki Julai 2015 akiwa na miaka 78, fundi viatu mmoja wa hapa stendi alizima redio akasema, "Wametuchukulia mtu wetu." Sikumsahihisha.