Hizo namba za kwenye pampu zilipatikana kwa nani?

Wadogo zangu mnaoanza kukaa kwenye pampu, ile mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji wa moyo, na wakubwa pia karibuni, leo tuongelee hizi namba tunazozishika kama sala. ACT, yaani muda damu inaochukua kuganda, sekunde 480. Flo, yaani damu inayosukumwa na pampu, lita 2.4 kwa dakika kwa kila mita mraba ya mwili. HB, yaani himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, isishuke saba. Ukiuliza kwa nini unaambiwa ndo protokoli, ukiuliza protokoli ilitoka wapi unaambiwa ndo tulivyofundishwa, na mgonjwa yuko mezani kifua wazi moyo umesimama, huo sio muda wa kubishana na mtu, basi yanaishia hapohapo.

Chukua hiyo 480. Ilipendekezwa na Bull na wenzake 1975, na jaribio linalotajwa sana kuitetea, la 1978, lilifanywa kwa nyani tisa. Ndiyo, nyani, tena tisa tu! ACT ikiwa chini ya sekunde 400 dalili za damu kuanza kuganda zikaonekana. Mimi 480 naifuata, maana oksijeneta, kile kifaa kinachoitia damu oksijeni, ikiziba na donge hakuna wa kukuokoa, ila ukijua namba ilivyozaliwa unaanza kuiangalia vizuri. Kwa mfano baridi na damu kuchanganywa na maji vyote vinairefusha ACT bila heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kuongezeka hata tone, kwa hiyo mgonjwa yuko digrii 28 ACT inasoma 520 wewe umeridhika, kumbe heparini inaisha taratibu. Namba nzuri isikulaze.

Sasa twende kwenye flo na HB, hapa ndo penye uhondo. Wengi tunaweka 2.4 kwa kila mita mraba ya mwili halafu tunatulia. Lakini figo hazijui flo, figo zinajua oksijeni iliyozifikia. Mtafiti Ranucci alionyesha 2005, kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo, kwamba oksijeni inayopelekwa ikishuka chini ya mililita 272 kwa dakika kwa mita mraba figo zinaanza kuumia, na jaribio la GIFT la 2018 likalenga 280 na kupunguza madhara ya figo, japo yaliyopungua ni yale ya hatua ya kwanza, makubwa hayakuonyesha tofauti. Hesabu yake ni ya kalamu tu: HB mara 1.34 mara saturesheni (asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni, 100 ikiandikwa 1), ongeza PaO2 (presha ya oksijeni kwenye damu) mara 0.003, zidisha kwa flo halafu kwa kumi. HB 7, saturesheni 100, PaO2 200, unapata 9.98, ukizidisha kwa 2.4 na kumi unafika kama 240. Chini kabisa! Kwa HB hiyohiyo unahitaji flo ya 2.8 ndo uguse 280. Mgonjwa yuleyule, pampu ileile, na monita haipigi kelele yoyote.

Na HB imeshukaje? Mara nyingi tumeishusha wenyewe. Dada wa kilo 50, damu yake tuseme lita 3.25, hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) asilimia 33, saketi, yaani mirija na vifaa vya pampu, imejazwa mililita 1,400 za maji, ukianza tu hematokriti inakuwa 23. Fupisha mirija, sogeza pampu karibu na meza, tumia damu yake mwenyewe kurudisha nyuma sehemu ya yale maji kabla hujaanza, ukifika 900 anakuwa karibu 26. Hiyo haihitaji mashine mpya, inahitaji uongee na daktari wa usingizi mapema, maana presha itayumba na yeye ndo ataishika.

Kuhusu kuongeza damu, watu wanapenda kutaja jaribio la TRICS III la 2017 kwamba kusubiri mpaka HB 7.5 hakukuwa kubaya kuliko kuongeza ikifika 9.5. Ni kazi kubwa, wagonjwa zaidi ya 4,800. Ila wastani wa umri ulikuwa miaka 72, na waliofaidika zaidi na kusubiri walikuwa wa 75 kwenda juu, kwa wadogo picha haikuwa wazi namna hiyo mpaka wakaanzisha TRICS IV kwa ajili yao. Wagonjwa wetu wengi huku ni vijana, valvu zimeharibiwa na homa ya rumatiki, wengine wanafika thieta na upungufu wa damu wa siku nyingi. Utachukua namba ya mzee wa Canada umpe binti wa miaka 19? Labda inafaa, labda haifai, ndo maana unaangalia na laktiki (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni), na saturesheni ya damu inayorudi, na mkojo.

Kwenye joto sina mengi: wakati wa kumpasha mgonjwa damu inayotoka oksijeneta isizidi 37, hiyo fuata tu.

Sasa unamwambiaje daktari bingwa aliyekuzidi miaka ishirini? Usiende na karatasi ya utafiti katikati ya kesi, utafukuzwa na utakuwa umestahili. Nenda siku moja kabla, "Dokta, shikamoo, mgonjwa wa kesho ana kilo 50 na HB 11, nikijaza saketi ya kawaida atashuka 7.7, naomba nifupishe mirija, na flo nianze na 2.6." Ukimpa hesabu ya mgonjwa wake mara nyingi anakubali palepale, au anakuuliza swali la maana. Akikataa, andika tu kwenye fomu yako HB ya chini kabisa, flo, na kreatinini (kipimo cha figo) ya siku ya pili, kila kesi bila kuruka, halafu mwisho wa mwaka mnakaa naye na daftari lenu wenyewe.