Gereji yako ilijengewa gari, mwanangu

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Tanga hatujambo, ila mama yako analalamikia goti tangu upepo wa kusi uanze.

Umeuliza kama gereji ya nyumba yako ya Goba uigeuze ofisi, au ujibane ujenge chumba kipya uani. Ukaongeza kwamba fundi wako anasema ni kazi ya wiki mbili: kung'oa geti, kuweka kioo cha aluminiamu kutoka juu hadi chini, kubandika vigae, kupaka rangi, kwisha. Igeuze. Kuta unazo, paa unalo, na huko uani shimo la choo limeshakula nafasi yote. Lakini usiigeuze kwa mtindo wa huyo fundi.

Aliyejenga ile gereji alikuwa anajengea gari. Gari halisikii joto, haliumwi mgongo, na hata likilala kwenye unyevu asubuhi linawaka. Ndiyo maana mle hamna dari, waya wa umeme ni mmoja tu wa taa, na sakafu iko chini kuliko ya sebuleni, tena imeinamishwa kuelekea getini ili maji ya kuoshea gari yatoke yenyewe. Hakuna aliyekosea hapo. Ila sasa unataka kumkalisha humo binadamu na kompyuta yake kutwa nzima.

Hili nimeshalilipia. Mwaka 1997 nilimgeuzia mama yako gereji ya ile nyumba yetu ya zamani iwe chumba cha cherehani. Nilikuwa fundi ujenzi, si mtu wa kuambiwa. Nikaziba mlango kwa tofali, nikapiga plasta, nikatoboa dirisha, kisha nikamwaga skridi, yaani tabaka la saruji na mchanga, juu ya jamvi la zamani, ile sakafu ya zege ya chini, bila kuweka chochote katikati. Sakafu ni sakafu, nikajisemea. Zikaja mvua za El Nino. Wewe ulikuwa na miaka minne, unachezea kopo la vifungo chini ya meza. Maji hayakupita mlangoni hata siku moja. Yalipanda kutoka chini, kidogo kidogo, bila kelele. Asubuhi moja mama yako akainua robota la vitenge, vile vya chini vikabaki vimegandia sakafuni. Vingine vilikuwa vya wateja. Nililipa vitenge vile mpaka mwaka uliofuata, na maneno niliyoambiwa sikuyalipa mpaka leo.

Kwa hiyo anza na sakafu, rangi baadaye. Kata kipande cha nailoni, mita moja kwa mita moja, kilaze kwenye sakafu kavu iliyofagiwa, kingo zote ubandike kwa selotepu pana zisipitishe hewa. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini, ardhi inapumua unyevu. Ukikuta pakavu usishangilie sana, maana masika yamekwisha na udongo wa Goba sasa umetulia. Mimi ningeweka kinga hata hivyo. Fundi atandaze nailoni nzito ya geji 1000 juu ya jamvi lote, aipandishe ukutani kidogo pande zote, ndipo amwage zege juu yake mpaka ilingane na sebule. Umeniambia tofauti ya urefu ni kama sentimita 15, basi nafasi unayo, na kichwa hakitagonga popote. Hilo la kubandika vigae moja kwa moja juu ya jamvi lile mkatalie. Pale oili ya gari ilipodondokea miaka yote gundi haishiki, na baada ya miezi michache kigae ukikigonga kinalia kitupu.

Sasa hicho kioo. Geti lako linatazama magharibi. Umewahi kusimama pale saa kumi alasiri mwezi wa pili? Kioo kizima upande huo ni tanuri, na kompyuta yenyewe utaiona kama umejiangalia kwenye kioo cha kinyozi. Ziba uwazi wa geti kwa tofali, uache dirisha dogo la juu tu kwa ajili ya kutoa hewa moto. Dirisha kubwa liwe ukuta wa kusini, ule unaotazama mpera, kwa sababu huko ndiko upepo wa kusi utakapokuingilia, na jua la jioni halichomi kama upande wa geti. Ukuta mpya wa getini usiwekwe juu ya jamvi tupu. Achimbe msingi mdogo, na kila baada ya mistari mitatu aufunge kwa vipande vya nondo kwenye kuta za zamani. Asipofanya hivyo, utaona ufa umesimama wima pale vinapokutana, na kila mgeni ataukodolea macho. Mbele ya ukuta huo weka mfereji wenye wavu wa chuma, maana njia ya gari yako inateremka kuja getini, na maji hayajui kwamba gereji imebadilishwa kazi.

Juu, weka dari. Bati tupu likipigwa na jua linakurudishia joto lote kichwani. Acha matundu ya hewa kati ya dari na bati, yawekewe wavu wa kuzuia popo. Ukifanya haya, kiyoyozi cha BTU 12,000 kitatosha kwa chumba cha mita 3 kwa 6, na unaweza kupitisha miezi ya kusi kwa feni tu. Usipoyafanya, utanunua kikubwa zaidi, na LUKU itakula mshahara.

Umeme sitasema mengi kwa sababu si fani yangu. Ninachojua ni kwamba ule waya wa taa haubebi kiyoyozi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, avute laini mpya kutoka kwenye kisanduku kikuu, kiyoyozi kiwe na swichi yake ya kujikata, na ethi, ule waya wa kwenda ardhini, ipimwe. Na ile jenereta unayoiweka pembeni ya gereji, ihamishe mbali na dirisha jipya. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua mtu akiwa amekaa kwenye kiti. Kwa hili sitaki ubishi.

Kibali pia. Najua kila mtu mtaani anajenga usiku Jumamosi. Nenda Manispaa ya Ubungo na mchoro, uwaambie unabadilisha gereji. Kama utafanya kazi peke yako na kompyuta ni jambo moja; kama utatundika kibao na kupokea wateja, hayo ni matumizi mengine na leseni nyingine, waulize mapema.

Na mkeo umemuuliza? Humo ndimo zilimo baiskeli ya mtoto, mapipa, na magunia yake ya mkaa. Vitu hivyo vitahamia mahali, na nisingependa kusikia vimehamia jikoni kwake. Gari nalo litalala nje. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kivuli cha mabomba na bati pembeni ya lango la nje, usilisubirishe mpaka rangi ianze kubabuka.

Usimpe huyo fundi malipo ya awali. Weka nailoni leo jioni, keshokutwa uifunue na unipigie picha kabla matone hayajakauka. Nitapanda basi la Alhamisi nije na pima maji yangu, tukae naye tuongee. Niandalie ngazi.

Mama yako anakusalimu. Anasema kitenge kimoja cha mwaka ule anacho mpaka leo, kina doa la saruji kama ramani, na nikija huko nikivae.

Baba yako