Bakuli la kukereza: la pambo au la kulia?

SWALI: Shikamoo fundi. Najifunza kukereza bakuli za mbao kwa mashine. La kwanza lilikuwa la mti mbichi. Lilipokauka likawa na umbo la yai. La pili nililichora mistari ndani na nje, nikalipaka mafuta ya alizeti, na sasa linanata na kunuka. Nataka bakuli la kupendezesha meza ambalo pia litatiwa chakula. Je, nilipige vanishi?

JIBU: Marahaba. Vanishi iache kwa bakuli la kukaa kabatini. Kwenye bakuli la kazi, kijiko huikwangua, maji yakapenya chini yake, ikaanza kubanduka.

Umbo la yai lina sababu. Mbao mbichi ikikauka husinyaa karibu mara 2 zaidi kwa kufuata pete za mti kuliko kuelekea kiini. Kwa hiyo kereza mara mbili. Kwanza toa kiini chenyewe, maana ndiko nyufa huanzia, kisha uache ukuta mnene, kama sehemu 1 ya 10 ya upana: bakuli la sentimita 30, ukuta wa sentimita 3. Lipake nta pale vichwa vya nyuzi za mbao vilipokatwa, uliweke kivulini penye hewa, na uwe unalipima uzito. Uzito ukiacha kushuka, ndipo ulirudishe mashineni kulimalizia. Ni miezi kadhaa, nakusihi usiifupishe.

Sasa mistari. Mimi napenda sana nakshi, lakini ndani ya bakuli la chakula haina nafasi: mabaki hujificha humo na kitambaa hakifiki. Weka mistari yako 2 au 3 nje, chini kidogo ya mdomo, na ndani pabaki mkunjo mmoja laini kutoka mdomoni hadi katikati. Mkunjo huo ukitoka vizuri, huo peke yake ni pambo. Kitako nacho ukichimbe kidogo katikati, likalie ukingo, lisiyumbe mbao ikijikunja.

Mafuta ya alizeti hayakauki barabara, ndiyo maana yamechacha. Lioshe bakuli kwa maji vuguvugu na sabuni, likauke kabisa, na kama ukuta unaruhusu, kereza mistari ya ndani iishe. Piga msasa, kisha paka mafuta safi ya kitani (ya mbegu za mmea wa kitani), yasiyotiwa dawa ya kukausha. Paka kidogo, baada ya nusu saa futa yote yaliyobaki juu, subiri siku kadhaa, rudia. Usitie chakula mpaka wiki chache zipite na harufu iishe.

Na tafadhali, vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivirundike: hupata joto vyenyewe na vinaweza kushika moto. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke vikakamae.