Friza moja, bia za baridi mbili

Wapikaji wengi wa bia za nyumbani hapa Tabora wana friza moja ya kulala, na humo wanataka kuweka laga (bia ya rangi ya dhahabu), stauti (bia nyeusi) na wanzuki (pombe ya asali). Wakiweka vyote kwenye nyuzi 4, ni laga peke yake inayofaidika. Laga inataka nyuzi 4 hadi 6. Stauti inataka 10 hadi 12. Chini ya hapo harufu ya shayiri iliyokaangwa inapotea, ukabaki na uchungu. Wanzuki nao unywewe kwenye 10 hadi 12, kwani baridi kali huficha asali, na asali ya miombo ya Tabora haistahili kufichwa. Kwa hiyo vyumba viwili vinatosha.

Gawa friza kwa plaiwudi iliyobandikwa ile sponji nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni, unene wa sentimita 5. Hapa ndipo wengi wanakwama: mabomba ya baridi ya friza ya kulala hupita ndani ya kuta zenyewe, hivyo upande wa pili, wa stauti na wanzuki, utapoa tu hata ukiweka kizuizi. Bandika sponji kwenye kuta za upande huo pia. Usitoboe ukuta hata kidogo, ukigusa bomba gesi imekwisha na friza imekufa. Mipira na nyaya zipitishe mfunikoni.

Kwenye kizuizi toboa matundu mawili. La chini liwe na feni ya kompyuta ya volti 12 inayosukuma hewa kutoka upande wa baridi, maana baridi hukaa chini. La juu liachwe wazi ili hewa irudi. Bila hilo feni itazunguka bure. Thamostati (swichi inayofuata joto) ya kwanza iendeshe friza kwa nyuzi 4, ya pili iwashe feni joto la upande wa pili likifika 12. Kihisi cha friza kisining'inie hewani. Kifunge kwenye chupa ya maji, la sivyo kila ukifunua mfuniko kompresa inawaka. Weka pia kuchelewa kwa dakika 5 kabla haijawaka tena, hasa kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi.

Kwa wenye kegi (mapipa madogo ya chuma ya bia), gesi ya kaboni ndiyo raha ya mpangilio huu. Bia ya baridi hushika gesi zaidi ya bia ya vuguvugu kwa shinikizo lile lile. Kwenye shinikizo la bari 0.8, laga ya nyuzi 4 hushika ujazo 2.5 hivi wa gesi kwa kila ujazo wa bia, na stauti ya nyuzi 11 hushika kama 2.0, ambacho ndicho kiasi kinachoifaa. Mtungi mmoja, regulata (kipunguza shinikizo) moja, basi. Ila vipimo hivi ni vya usawa wa bahari. Tabora iko mita 1,200 hivi juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo sogeza mshale hadi 0.9 na kidogo. Kigoma, iliyo chini kando ya ziwa, 0.9 kamili inatosha.

Mpira wa kumiminia uwe mita 3, tundu la milimita 5. Ukiukata mfupi utamimina povu. Uzungushe ndani ya friza, kwa sababu bia iliyopashwa joto mpirani hutoa povu glasi ya kwanza.

Mwenye chupa tu asijisumbue na feni. Weka zote kwenye nyuzi 4, kisha toa stauti ya nusu lita mezani dakika 20 kabla ya kunywa. Mchana wa Oktoba hata 15.

Wanzuki ambao bado unachacha usiufunge kwenye chupa ya kioo, hata ndani ya friza. Nyuzi 12 hazizuii hamira, na umeme ukikatika kutwa nzima shinikizo hupanda hadi chupa ikapasuka. Tumia chupa ya plastiki, uiminye kila siku. Ikiwa ngumu kama jiwe, legeza kifuniko.