Kabla ya Kutengeneza Programu ya Maktaba, Jibu Simu Kwanza

Wakutubi wenzangu wakisikia kwamba nahudumia wanafunzi wa elimu masafa mkoani Kigoma kwa simu, swali lao la kwanza huwa hilohilo: mnatumia programu gani? Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Tunatumia WhatsApp, meseji za kawaida na daftari. Programu zipo, na baadhi nitazitaja, lakini kazi yenyewe inafanywa na mtu anayepokea swali na kulijibu vizuri. Mtu huyo asipokuwepo, hata programu iliyogharimu mamilioni itafutwa siku simu ya mwanafunzi itakapojaa.

Ninaowazungumzia ni walimu wa Kasulu na Kibondo, wauguzi wa zahanati, askari, watumishi wa halmashauri, na wachache walioko mwambao wa ziwa kule kusini, upande wa Kalya, ambako kuja mjini ni safari hasa. Huwezi kumwambia mtu kama huyo aazime kitabu leo akirudishe baada ya wiki mbili. Elimu ya mbali si ngeni kwetu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 kikawa na vituo mikoani. Vitini vilisafiri, mitihani ikasafiri, ila rafu ya vitabu ilibaki mjini. Hapo ndipo simu imetuokoa.

Naanza na swali la mwanafunzi, maana wengi wetu tunapotea hapo. Ujumbe huingia saa tatu usiku, watoto wakishalala: "Shikamoo madam, samahani kwa usumbufu, naomba kitabu cha saikolojia." Ukimtumia kitabu umemtwisha mzigo. Ni kurasa mia nne kwenye kioo kidogo, bando linakata, na hajui aanzie wapi. Mimi hujibu: "Marahaba mwalimu, naomba nipigie picha swali la asaimenti." Picha ikija unakuta kumbe anatakiwa kulinganisha wanasaikolojia Piaget na Vygotsky kuhusu ukuaji wa mtoto. Basi namtumia sura moja, makala moja ya bure na sentensi mbili za kumwelekeza: anzia ukurasa huu, jedwali liko ukurasa ule. Kesho yake unasikia ameshaandika nusu ya kazi. Asipoweza kuandika maelezo marefu, mwambie atume ujumbe wa sauti. Watu wazima wengi hueleza shida yao vizuri zaidi kwa mdomo.

Sasa faili. Hili lingepaswa kufundishwa kwenye kila kozi ya ukutubi. Sura iliyoskaniwa kwa rangi, kila ukurasa ukiwa picha kubwa, inaweza kufika MB 50 au zaidi. Sura hiyohiyo ukiiskani nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi, halafu ukaipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi, inashuka hadi MB chache na mwanafunzi anaweza kutafuta neno ndani yake. Mtu anayenunua bando la siku huona tofauti hiyo mfukoni. Palipo na toleo la EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki, tuma hilo badala ya PDF, maana maandishi yanajipanga upya kufuata upana wa kioo na msomaji hahangaiki kuvuta ukurasa huku na huku kwa kidole. Na jina la faili liseme kilichomo. "Scan0047" ikiingia kwenye simu yenye picha za harusi na vichekesho vya grupu haitaonekana tena, lakini "Piaget_sura3" itapatikana hata baada ya miezi.

Nami hupandisha mafaili mapema jioni, kwa sababu wengi hupakua kwa bando la usiku. Ukiyaweka asubuhi umewaambia wasubiri.

Wenye viswaswadu, zile simu ndogo za vitufe, tusiwasahau. Wapo, na si wachache kama watu wa makao makuu wanavyodhani. Kwao meseji ya kawaida inatosha kwa tarehe za mwisho, taarifa za kitabu kuwasili, au rejea fupi. Lakini kuna mtego mmoja unaotuuma sisi waandishi wa Kiswahili. Meseji moja inabeba herufi 160 kwa herufi za kawaida. Ukinakili maandishi kutoka kwenye kompyuta yakiwa na ile alama ya juu iliyopinda, ile inayojitokeza kwenye "ng’ambo" au "Chang’ombe", mfumo unahamia aina nyingine ya usimbaji, yaani namna simu inavyohifadhi herufi, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ujumbe uliokuwa mmoja unakuwa mitatu, na ukituma kwa watu mia tatu bili ni ya kukufanya ukae chini. Andika alama iliyonyooka, acha vikatuni vya kucheka, na ujitumie mwenyewe kwanza uhesabu.

Mwanafunzi asiye na simu janja pia anahitaji mtu wa karibu. Katika kila wilaya natafuta kiongozi wa kundi la kusomea mwenye simu nzuri, namtumia yeye sura, anaipeleka steshenari na kundi linachangia kutoa kopi. Mbinu hii ni ya zamani. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973 ilitumia redio, lakini watu takriban milioni 2 walisikiliza wakiwa kwenye vikundi, kila kikundi kina kiongozi wake na vijitabu mkononi. Redio peke yake isingefika mbali vile, na sioni kwa nini simu peke yake ifike.

Kwa vyanzo, msikimbilie kununua. Hinari, hazina ya majarida na vitabu vya afya mtandaoni iliyoanzishwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, na AGORA, mwenzake wa kilimo, ziko chini ya mwavuli wa mpango wa Research4Life, na taasisi za Tanzania zinaweza kujisajili bila malipo. Tovuti ya African Journals Online ina makala nyingi za bara letu zinazosomeka bure. Ila paswedi ya taasisi isitupwe kwenye grupu la WhatsApp. Itasambaa hadi kwa watu usiowajua, mmoja ataanza kupakua mamia ya makala kwa mkupuo, na mchapishaji atafunga mlango kwa chuo kizima, pengine wiki ya kuandika tasnifu. Mpe mtu mmojammoja, au mtafutie wewe makala yenyewe.

Kwa maeneo yasiyo na mtandao kabisa, Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila mtandao, inastahili juhudi. Unaipakia Wikipedia ya Kiswahili kwenye memori kadi ukiwa ofisini, na mwanafunzi anaisoma bila bando. Programu ya simu ya Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni unaotumiwa na vyuo, nayo inaruhusu kupakua maudhui ya kozi ukiwa mjini siku ya gulio na kuyasoma nyumbani, mradi fundi wa mfumo wa chuo ameiwezesha. Muulize, mara nyingi kinachokosekana ni kuulizwa tu.

Utaombwa pia kitabu kizima kilichoibwa mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na mkutubi anayesambaza vitabu vya watu kwa mkono wa ofisi anatafuta matatizo. Mimi hukataa kwa upole, halafu natafuta toleo huria linalofundisha jambo lilelile. Mara nyingi lipo. Lisipokuwepo, namwelekeza maktaba ya mkoa.

La mwisho ni laini. Usitumie namba yako binafsi, hata mkuu wako akikuahidi kukurudishia vocha. Omba laini iliyosajiliwa kwa jina la ofisi, na simu ya bei nafuu ya kuiwekea. Andika saa za huduma kwenye wasifu wa WhatsApp, kwa mfano saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na uziheshimu, la sivyo utapigiwa saa tisa usiku na mtu anayeogopa mtihani. Laini iwe na salio na itumike hata wakati wa likizo, kwa sababu ikikaa kimya muda mrefu kampuni huichukua na kumpa mteja mwingine. Na ukihamishiwa kituo kingine, simu, laini na daftari la maswali vyote vibaki mezani kwa atakayekuja.