MUULIZE FUNDI: Kaskazini, jasho ndilo la kuogopa

SWALI: Fundi, habari za siku. Mimi ni makanika wa malori hapa Nairobi. Nimepata kandarasi ya kazi Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, na natakiwa kuripoti mwezi wa kwanza. Nimesikia ulishika spana kule kwa miaka kabla ya kurudi. Nimeshanunua Gikomba koti zito la ngozi, jinzi mbili nene, fulana nusu dazeni za pamba, na buti zinazonibana sawasawa ili hewa isipenye. Mjomba anasema nibebe na kachupa ka kujipasha moto. Je, niko tayari? Na ni kweli kwamba gari kule halizimwi usiku?
– Makanika, Kayole

JIBU: Hongera, kijana. Sasa rudisha koti la ngozi kama aliyekuuzia atakubali, na jinzi mwachie ndugu yako. Buti usimwachie mtu, zitamtoa malengelenge.

Yellowknife mwezi wa kwanza hukaa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri hivi, na usiku uliotulia hushuka hadi 40. Hapa kwetu Julai, alfajiri ikifika nyuzi 10, matatu nzima imevaa kofia za sufu na hakuna anayekubali dirisha lifunguliwe. Kwa hiyo sikulaumu kwa kuwaza uzito. Lakini mtu wa kazi yetu haumizwi na wepesi wa koti, anaumizwa na jasho lake mwenyewe. Utalala chini ya lori ukipigana na nati iliyokataa, utatokwa jasho, na fulana ya pamba italinywa lote ikunate mgongoni. Ukisimama tu kumngoja mwenzako alete jeki, ule umajimaji unaanza kukunyang'anya joto, na hapo hata ukivaa makoti matatu juu yake umechelewa. Wapya wote niliowaona wakitetemeka walikuwa wamevaa vizito kuliko wenyeji.

Kinachogusa ngozi kiwe sufu au poliesta, juu yake sweta, juu kabisa koti pana la kuzuia upepo. Na kabla ya kuanza kazi nzito, fungua zipu na uvue kitu kimoja. Anza kazi ukihisi baridi kidogo. Nenda polepole. Msimamizi wa kule hatakusumbua kwa kwenda polepole. Atakusumbua ukirudi ndani umelowa.

Gikomba bado inakufaa, ila nenda na kiberiti. Sweta za sufu safi zimejaa pale na wauzaji wengi hawajui wanachouza. Lebo ikiwa imekatwa, omba uchomoe uzi mmoja pembeni, uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika ukilifinya. Poliesta huyeyuka ikawa kashanga kagumu. Pamba hunuka karatasi. Hiyo iache hapohapo. (Omba ruhusa kwanza. Kuna mama wa pale aliwahi kunifukuza na hanga.)

Buti usinunue hapa kabisa. Nunua kule, zenye bitana nene ya kuchomoka, na zikupwaye kiasi cha kuvaa soksi mbili za sufu huku vidole vikicheza. Buti ikibana, damu haifiki vidoleni, na damu ndiyo hita pekee uliyo nayo huko chini. Kila jioni chomoa hiyo bitana uikaushe. Kwa mikono, glavu ya vidole vitano ni ya kazi ndogondogo tu. Nje vaa ile ya vidole vinne kukaa chumba kimoja, vipashane joto. Wenyeji wa asili wa huko, Wadene, hushona zao kwa ngozi ya mnyama na kuzifunga kwa kamba inayopita shingoni, ili ukizivua zining'inie kifuani badala ya kupotelea kwenye theluji. Iga hilo siku ya kwanza.

Sasa jambo ambalo hakuna atakayekuambia kwa sababu anadhani unalijua. Hapa sote tunaosha vipuri kwa petroli mikono mitupu. Kule petroli kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri bado ni maji. Haijaganda, lakini ina baridi ileile ya hewa, na ikikumwagikia inafyonza joto ikiruka. Ngozi inaganda papo hapo. Hata kuchota tu mafuta, vaa glavu zisizopenya mafuta. Spana nayo usiishike kwa mkono mtupu, itanata na ngozi, na wala usiiweke mdomoni kama tulivyozoea.

Kuhusu magari: yanazimwa, ila yanachomekwa kwenye stima. Utaona waya wenye plagi umetokeza mbele ya kila gari, na kwenye maegesho kuna nguzo zenye soketi. Kwenye bloku ya injini kuna hita ndogo inayopasha maji ya rejeta. Saa tatu nne kabla ya kuwasha zinatosha, ndiyo maana watu hufunga kifaa cha saa kinachoiwasha hita chenyewe alfajiri badala ya kulipia stima usiku kucha. Bila hiyo hita, oili inakuwa uji wa mtama, na betri, ambayo kwenye nyuzi 18 tu chini ya sifuri imeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu, haina ubavu wa kuzungusha injini. Matairi nayo hubonyea upande yaliolalia, na gari hudundadunda barabarani mpaka yapate joto. Waya wa kurefusha usibebe wa hapa. Plastiki yake itakakamaa ipasuke.

Dizeli itakuchekesha. Ina nta ndani yake, na baridi huigandisha nta ikaziba filta. Basi majira ya baridi wauzaji wenyewe, kwa halali kabisa, huuza dizeli nyepesi inayokaribiana na mafuta ya taa. Yaani mchanganyiko uleule ambao hapa kwetu ni kosa, hata mafuta ya taa yakaongezewa tozo mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo. Ukikuta filta imeziba, uliza kwanza mafuta yaliwekwa wapi na lini, kabla hujaanza kufungua pampu.

Kachupa ka mjomba kaache. Pombe hufungua mishipa ya ngozini, unahisi moto usoni wakati joto la ndani linakimbia nje. Na pua, masikio na vidole vikiuma, shukuru, maana bado viko hai. Vikiacha kuuma na ngozi ikapauka au kukakamaa, ingia ndani mara moja. Usivisugue, na theluji ndiyo usiipake kabisa. Vitie kwenye maji ya uvuguvugu wa mwili, nyuzi 37 hadi 39, na umwone daktari. Upepo ukizidi, ngozi iliyo wazi huganda ndani ya dakika tano hadi kumi, kwa hiyo mkague mwenzako uso, naye akukague.

Moja la mwisho kuhusu gereji. Kila Julai tunasikia watu waliolala na jiko la makaa ndani wasiamke. Gesi ileile, kaboni monoksaidi, inatoka kwenye ekzosi, na kule kishawishi cha kufunga mlango injini ikiwaka ni kikubwa. Haina harufu. Kama gereji haina king'ora cha gesi hiyo na bomba la kutolea moshi nje, ulizia kabla ya kuvua koti.

Ukipangiwa malori ya migodini, utasikia habari za barabara ya barafu, kilomita 400 hivi, sehemu kubwa juu ya maziwa yaliyoganda, ambayo hufunguliwa takriban miezi miwili tu kwa mwaka. Lori lenye mzigo huenda kilomita 25 kwa saa. Madereva wetu wa barabara ya Mombasa wangekonda kwa hasira! Lakini uzito huo huinamisha barafu na kusukuma wimbi chini yake, na ukikimbia, wimbi hugonga ukingoni likaipasua barafu. Ukiharibikiwa njiani, kaa na gari.

SWALI: Kaka fundi, binti yangu anahudumia wazee huko Fairbanks, Alaska. Tangu Novemba amebadilika. Analala muda wote asio kazini, akipiga simu hana la kusema, na anaongea habari ya hasi arobaini sijui ni zipi. Dada zangu wanasema kuna mkono wa mtu. Nimwambie arudi?
– Mama, Umoja

JIBU: Pole, dada. Hasi arobaini isikutatize. Wamarekani wana kipimo chao na sisi chetu, ila kwenye namba hiyo vipimo viwili hukutana, ni baridi ileile.

Mkono wa mtu siuoni hapo. Naliona jua. Fairbanks mwezi wa kumi na mbili jua hutoka kwa muda usiofika saa nne, tena hujikokota chini pale kwenye upeo, halipandi. Akiingia zamu asubuhi na kutoka jioni, halioni kabisa, na mwili usioona mwanga hupoteza hesabu ya mchana na usiku. Madaktari wa huko wanaijua hali hii vizuri na hawatamshangaa. Kuna taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000 ambayo mtu huketi mbele yake nusu saa hivi asubuhi. Aulize kama inamfaa. Apimwe pia vitamini D, kwa sababu ngozi nyeusi huitengeneza polepole, na jua la huko majira hayo halimsaidii mtu yeyote. Siku ya mapumziko atoke nje saa sita mchana, hata kama ni kuzunguka nyumba. Akianza kusema hana haja ya kuishi, usingoje taa, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kurudi, mwache aamue baada ya kutibiwa. Wewe mpigie simu. Wakati wa baridi tofauti yenu ni saa 12 kamili: ukimaliza kuosha vyombo saa mbili usiku, kwake ni saa mbili asubuhi. Mpigie saa hiyo, umtoe kitandani, umwambie awashe taa zote.

SWALI: Mbona wanaoshindana kuteleza kwenye theluji kwenye televisheni huvaa nguo nyembamba za kubana, na hawagandi?
– Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lang'ata

JIBU: Kwa sababu mwili unaokimbia ni jiko. Wakivaa makoti watalowa jasho, na habari ya jasho nimeshaieleza hapo juu. Wakishavuka mstari tu huletewa makoti mbio. Muulize mwalimu wako habari za Philip Boit, Mkenya aliyefanya mazoezi Ufini kisha akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amemsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Tena usidhani huwa wanakimbia kwenye baridi yoyote ile. Ikishuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mashindano ya mbio hizo huahirishwa.