Paa lililoezuliwa na upepo: bima italipa nini?

Dada yangu wa Igoma, umeuliza kama bima ya nyumba italipa paa lililoezuliwa na upepo wa ziwani, ilhali mabati yalikwisha kuanza kuota kutu. Kwa kawaida bima hulipa hasara ya ghafla, kama dhoruba, wala si uchakavu. Kwa hiyo usimruhusu fundi aondoe hata papi moja (ubao unaopigiliwa mabati) kabla mkaguzi wa bima hajafika, bali funika kwa turubai na upige picha za karibu za misumari iliyong'oka, hasa pale bati lisilo na kutu lilipochanika, kwa kuwa huo ndio ushahidi wako mkubwa. Ukichagua mabati mapya ya geji 28 (kipimo cha unene wa bati) badala ya geji 30 ya awali, nami nakuhimiza uchague kwa kuwa ni nene zaidi, tarajia kulipa tofauti ya bei mwenyewe. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi.